Thina si dawa ya kila plastiki

Pita kwenye vijiwe vya bodaboda vya Ngamiani, hapa Tanga, utaziona helmeti zilizopakwa rangi upya: nyekundu juu ya nyeusi, njano juu ya nyekundu, nyingine zimeandikwa namba ya kijiwe. Kabla ya kupuliza rangi mpya, ya zamani lazima itoke, na kazi hiyo hufanywa kwa kitambaa na chupa ya thina. Muulize fundi kama thina haidhuru ile plastiki. Jibu utakalopewa mjini ndilo utakalopewa Pangani na Muheza: thina inakula rangi, haili plastiki. Ushahidi nao uko karibu. Petroli, ambayo nayo ni kali, inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji ya kunywa, na dumu la lita 20 linakaa nayo mwezi mzima bila kulainika.

Anayesema hivyo ameona kwa macho yake, na alichokiona ni kweli. Tatizo ni kwamba dumu linamwambia habari za dumu tu. Dumu ni polietilini, chupa ya maji ni plastiki ya aina ya PET, ndoo na madigadi mengi ya pikipiki ni polipropilini. Chembe za plastiki hizi zimepangika kwa kubanana, petroli haipati pa kupenya kirahisi. Lakini kuna jamii nyingine kabisa: polistirini, ABS, polikaboneti. Hizi ni ngumu, zinang'aa, zinashika rangi vizuri, ndiyo maana viwanda huzipenda. Chembe zake zimekaa ovyoovyo, na vimiminika vilivyomo kwenye thina, kama asetoni na tolueni, huingia katikati yake na kuzilegeza. Ganda la helmeti nyingi za bei nafuu ni ABS, nyingine ni polikaboneti. Lile povu jeupe la ndani, linalofunikwa na kitambaa, ni polistirini iliyovimbishwa.

Asiyeamini ajaribu mwenyewe, nje ya nyumba na mbali na moto. Chukua kipande cha povu jeupe kutoka katoni ya televisheni, kitie kwenye bakuli la kioo, kimiminie petroli kidogo. Kitatoa mapovu na kunywea mbele ya macho yako. Kipande cha ukubwa wa ngumi kinaishia kuwa ulimbo mzito usiojaza kijiko. Povu la namna hiyohiyo ndilo linalokaa kati ya fuvu la mtu na lami. Kazi yake ni kupondeka kwenye kishindo ili ubongo usipokee nguvu yote, na likiwa limeliwa upande mmoja na thina iliyopenya ukingoni, hapo halina cha kupondeka. Kwa nje helmeti inaonekana mpya.

Watu ambao wamelijua jambo hili kwa undani ni kundi ambalo wengi hapa hatulifikirii. Uingereza, Marekani na kwingineko kuna watu wazima wanaopaka rangi visanamu vya askari vyenye urefu wa milimita 28 hivi, kisha wanavipanga mezani kurudia mapigano ya kale. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 ni miongoni mwa mapigano wanayoyapenda: jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 lililoletwa kutoka India likarudishwa baharini na askari wa kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck waliokuwa kama 1,000 tu. Visanamu vingi vya siku hizi ni vya polistirini. Mtu akinunua vilivyotumika, vyenye rangi nene za mwenye navyo wa kwanza, inabidi avivue rangi bila kupoteza pua, vidole na vifungo vya koti. Akivitia kwenye thina, pua ndiyo inayotangulia. Baada ya dakika chache anashika kitu kama pipi iliyonyonywa.

Kwa hiyo walitafuta njia nyingine, na mojawapo ya zilizowafaa inapatikana kwenye duka lolote la dawa hapa Tanga: Dettol ya kahawia, isiyochanganywa na maji. Kisanamu kinalowekwa ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko usiku kucha. Asubuhi kinasuguliwa kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye Dettol hiyohiyo. Hapa wengi huharibu kwa kukimbilia bomba. Maji yakigusa rangi iliyolegea kabla haijasuguliwa yote, inageuka utomvu unaong'ang'ania kila mahali, na kuutoa ni taabu kuliko rangi yenyewe. Maji na sabuni ya vyombo vinakuja mwisho. Vaa glavu, maana Dettol isiyo na maji inaunguza ngozi, na chupa iwe mbali na watoto. Spiriti ya isopropili nayo hufanya kazi nzuri kwa rangi za maji, yaani akriliki. Rangi nyingine za kiwandani hazitaki kutoka kwa chochote kilicho salama, na hizo ni bora zibaki, upake juu yake.

Mzazi anayenunua midoli ya mtumba na kutaka kuipaka upya anaweza kufuata njia hiyohiyo. Asikwangue kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake mtoto hulipata kwenye vidole na vidole huishia mdomoni.

Wapo wanaokubali kwamba plastiki zinatofautiana, lakini wana jibu la busara: jaribu kwanza mahali pasipoonekana, pakivumilia endelea. Kwa kisanamu ushauri huu unatosha. Kwa helmeti hautoshi, na hapa ndipo ninapokataa kabisa. Polikaboneti na ABS zina tabia ya kuvumilia kimiminika zikiwa zimetulia, kisha kupasuka zikiwa zimekazwa. Kuzunguka tundu la ripiti ya kamba, na kwenye pindo la ganda, plastiki iko kwenye mkazo muda wote. Thina ikifika hapo inafungua nyufa nyembamba kama nywele, wakati mwingine siku kadhaa baada ya fundi kulipwa. Rangi mpya inazifunika. Pale ulipojaribia hapakukazwa na kitu, basi hapakuwa na la kukuambia. Mafuta ya breki, ambayo wengine huyasifu kwa upole wake, yana tabia hiyohiyo kwa plastiki hizi.

Na jua la pwani yetu limeshaanza kazi kabla ya thina. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani kutwa nzima Sahare au Chumbageni inapigwa na mionzi inayoikausha ABS na kuifanya iwe ngumu na dhaifu. Ndiyo kwanza rangi inachuja, mwenyewe anaona aibu nayo, anaipeleka kwa fundi. Yaani helmeti zinazooshwa kwa thina ndizo zilizokwishachoka.

Nimesikia pia kwamba helmeti yoyote ni ya kumridhisha trafiki tu, kwa hiyo haya yote ni makuu. Tathmini ya Cochrane iliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali ilikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Faida hiyo inatoka kwenye ganda zima na povu zima. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti inadai kwamba ganda linaloweza kudhurika likae na onyo: usipake rangi, usibandike stika, usitumie petroli wala vimiminika vya kuyeyushia. Wengi wa madereva wetu hawajawahi kuiona lebo hiyo, kwa sababu ni maandishi madogo ya kigeni chini ya kitambaa, au iling'oka zamani.

Ukitaka kutambua sehemu za pikipiki zinazovumilia, geuza kipande upande wa ndani. Mara nyingi kiwanda kimechapa PP au ABS. PP utaifuta kwa petroli bila hofu. ABS ioshe kwa sabuni na maji, ikwaruze kidogo kwa msasa laini uliolowa, upake juu ya rangi ya zamani bila kuivua. Helmeti usiivue rangi wala usiipake, ioshe kwa sabuni tu. Namba ya kijiwe iandikwe kwenye kizibao. Na helmeti ambayo tayari imepita kwenye thina ikatwe kamba zote mbili na ganda lipasuliwe kwa msumeno kabla ya kutupwa, maana ikibaki nzima jalalani kuna mtu ataiokota, ataifuta vumbi na kumvisha abiria.