Si Kila Ajuaye Kiarabu ni Mkalimani

Wanapofika watengenezaji wa filamu au vipindi vya televisheni wakihitaji mtu wa kuwafasiria Kiarabu kwa Kiingereza, aghalabu huelekezwa msikitini, na msikiti humtoa kijana yeyote aliyesoma Madina au Khartoum. Hatuoni kuwa hilo latosha.

Kwetu Kolo jambo hili si dogo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na miongoni mwake imo Mungomi wa Kolo, mahali ambapo baadhi ya wenyeji wamekuwa wakifanyia matambiko. Tuchukulie kuwa televisheni ya Kiarabu inamhoji mzee wetu. Yeye atasema Kirangi, wa pili atatia Kiswahili, wa tatu Kiingereza, na wa nne ataandika Kiarabu chini ya picha. Mzee akieleza kuwa watu wa kale walichora twiga na pofu, Kiswahili kikasema "sanamu za wanyama", mfasiri mvivu ataliona neno hilo kuwa lake na kuandika "aswnaam", yaani masanamu yanayoabudiwa. Watazamaji wa Cairo watadhani Kolo nzima inaabudu miamba! Mzee hatajua, wala hatakuwa na pa kujitetea.

Ama Kiarabu chenyewe si kimoja. Aliyezoea fus-ha ya vitabuni huenda asifuate mazungumzo ya haraka ya filamu ya Kimisri, seuze maneno ya mitaani ya Morocco. Kisha filamu ina sheria zake: maandishi huwa mistari miwili tu, nayo hukaa kwenye kioo sekunde chache. Mfasiri hulazimika kupunguza maneno bila ya kupunguza maana, na kazi hiyo haifundishwi katika nahau.

Marehemu Moustapha Akkad alilitambua hilo. Filamu yake juu ya kudhihiri kwa Uislamu, iliyotoka mwaka 1976, aliipiga mara mbili: ya Kiingereza, Anthony Quinn akiwa Hamza, na ya Kiarabu, nafasi hiyo akiishika Abdullah Gaith. Gharama ilikuwa kubwa, lakini hakuridhika kubandika lugha moja juu ya midomo ya nyingine.

Tena wema waliotangulia hawakulidharau jambo hili. Bukhari amepokea kuwa Heraclius alimhoji Abu Sufyan kwa kupitia tarjumani wake, na kuwa Abu Jamra alikuwa akifasiri baina ya Ibn Abbas na watu. Zayd bin Thabit naye aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa barua zao hazikupasa kuachiwa mtu asiyeaminika.

Kwa hiyo anayeombwa mkalimani asitazame kanzu wala cheti. Ampe kijana dakika tano za mazungumzo yaliyorekodiwa, afasiri kwa Kiingereza papo hapo, kisha mtu mwingine ayarudishe kwa Kiarabu bila ya kuonyeshwa ya mwanzo. Zikipishana, atafutwe mwingine. Sauti ya asili ya mzee ihifadhiwe, na mjuzi wa Kirangi aisikilize kabla ya kipindi kurushwa. Na mkalimani alipwe ujira uliokubaliwa kabla ya kamera kufunguliwa. "Jazakallah" peke yake haimlipii nauli ya kurudi Kondoa mjini.