Wageni wanaifuata Iten, Mbulu tunamwachia nani?

SEPTEMBA 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni ya ubingwa wa dunia. Wote wawili waliandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa kumalizia iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Kwa lugha yetu ya soka, hilo ni bao la dakika za nyongeza lililosubiri VAR. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini ni wachache waliouliza yule aliyeshika nafasi ya pili alikuwa anajifua wapi. Petros, mzaliwa wa Eritrea anayeiwakilisha Ujerumani, kwa miaka kadhaa amekuwa akipiga kambi Iten, hapo kwa majirani zetu Kenya. Kwa maneno mengine, aliyebaki kidogo tu atunyang'anye dhahabu amepikwa kwenye milima ya Afrika Mashariki.

Na hayuko peke yake. Iten ni mji mdogo ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo mwili unalazimika kutengeneza seli nyekundu za damu zaidi ili upate oksijeni ya kutosha. Mo Farah wa Uingereza, bingwa wa mita 5,000 na 10,000 katika Olimpiki za 2012 na 2016, aliwahi kuishi na kufanya mazoezi huko. Kocha Renato Canova kutoka Italia naye amefanya kazi yake huko kwa miaka mingi. Kila Alhamisi mamia ya wakimbiaji hukutana barabarani kwa zoezi la kukimbia kasi na kupunguza, kasi na kupunguza, na mgeni yeyote anaruhusiwa kujiunga. Akiweza kuwafuata, vizuri. Akishindwa, anabaki na vumbi.

Hapo ndipo sisi watu wa soka tunapaswa kutega sikio. Kwetu tumezoea kocha wa kigeni anayepokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na skafu, halafu akipoteza mechi tatu anafungashiwa virago. Iten wana mfano tofauti. Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kwenda kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya St Patrick's. Hakuwa kocha wa riadha. Aliishi na vijana wale, akawatazama wakikimbia, akajifunza kwao kabla ya kuwafundisha. Mwaka 1988 mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Seoul. Mwaka 2012 David Rudisha, aliyenolewa na O'Connell, akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London kwa dakika 1:40.91. Kati ya mwalimu kuwasili na rekodi hiyo kuna miaka 36. Ni klabu gani hapa nchini ingemvumilia hata msimu mmoja bila kombe?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Iten mwenyeji anapona kweli. Mgeni anayekaa miezi miwili anahitaji chumba, chakula, dereva, mtu wa kumkanda misuli na kijana wa kumvuta kasi. Fedha hiyo inabaki mjini. Kijana ambaye hajapata hata mashindano ya nje anapima miguu yake na wakimbiaji wa kimataifa bila kupanda ndege.

Sasa turudi nyumbani. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa ameumia mguu. Karatu ilimtoa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Yeye na Suleiman Nyambui walileta fedha mbili kutoka Moscow 1980, na hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Miinuko ipo, vipaji vipo, mbuga na Mlima Kilimanjaro vipo jirani. Watalii tunawapata, lakini wengi wanapanda mlima, wanapiga picha na kuondoka. Wanaokuja kuishi na kujifua na wanariadha wetu ni wachache mno ukilinganisha na Iten.

Wapo watakaosema tukiwakaribisha watatuibia siri. Siri gani? Wakenya wamewafungulia mlango miaka yote na bado wanashinda. Hatari ya kweli iko kwingine. Kenya hiyo hiyo imeumizwa na dawa za kuongeza nguvu, wanariadha wake wengi wamefungiwa. Palipo na fedha na wageni, huja pia mawakala wenye mikataba ya kumkamua kijana asiyejua kusoma maandishi madogo. Kwa hiyo mlango ufunguliwe, lakini pawe na mlinzi.

Rai yetu kwa Riadha Tanzania, Baraza la Michezo na wizara ni hii. Chagueni sehemu moja tu ya miinuko, Mbulu au Karatu, iwekwe njia ya kukimbilia ya kisasa, hosteli safi na mtaalamu wa tiba. Kocha mgeni atakayepewa kibali awe na mwalimu wa Kitanzania ubavuni, anayejifunza kila siku. Kila mkataba wa kijana upitiwe na mwanasheria kabla ya kalamu kugusa karatasi. Upimaji wa dawa uanze siku ya kwanza, usisubiri aibu.

Simbu ametupa sekunde 0.03 za furaha. Tukizichezea, siku nyingine picha ya mstarini itaonyesha kifua cha mwingine mbele, na huenda mwenye kifua hicho akawa amefanya mazoezi hapo tu kwa majirani zetu.