Kabla hujalaumu mtandao, angalia soketi yako



Leo naomba nibishane kidogo na ile kauli yetu ya "mtandao unasumbua". Mimi niko Singida mjini, nauza mafuta ya alizeti na asali kwa WhatsApp na Instagram, mzigo natuma kwa basi. Nimeishia kidato cha nne na ufundi umeme sijasomea. Ila jambo hili limenila hela, kwa hiyo naweza kulisemea.

Karibu miezi mitatu ruta yangu ya nyumbani ilikuwa inakata kila jioni, na jioni ndiyo oda zinaingia, watu wametoka kazini. Mteja mmoja wa Dodoma alishalipia madumu matatu, akauliza mzigo umepanda basi gani. Mimi sipo hewani. Niliporudi nikakuta ameandika: "Kumbe matapeli ndio nyie." Nilimrudishia hela, na hajanunua tena.

Nikafanya kama tunavyofanya wengi. Nikabadilisha laini, nikaongeza bando, mwisho nikanunua ruta nyingine. Hali ikawa ile ile.

Siku moja nikakaa tu naiangalia. Friji ikianza kunguruma, taa ya sebuleni inafifia kidogo, na ruta inazima taa zote halafu inawaka upya. Kumbe shida haikuwa mtandao. Nyumba niliyopanga ni ya zamani, sebule ina soketi moja, na hiyo moja nimeibebesha ekstensheni mbili.

Waya ukilegea ndani ya soketi, umeme unakatika kwa kufumba na kufumbua. Balbu inafifia tu, hujali. Lakini ruta ni kama kompyuta ndogo, ikikosa umeme kidogo inaanza upya, na mpaka ishike mtandao dakika mbili tatu zimeenda. Ikitokea mara kumi kwa jioni moja, hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pima hivi:

1. Taa zote za ruta zikizima na kuwaka zenyewe, shaka ya kwanza ni umeme au adapta. Zikibaki zinawaka ila intaneti hakuna, hapo ndipo uangalie bando na mtandao.

2. Hamishia ruta chumba kingine, moja kwa moja ukutani bila ekstensheni, siku nzima. Ikitulia, umempata mchawi.

3. Soketi ikiwa ya moto, imeweka weusi, inanuka plastiki au inatoa cheche, zima swichi kuu. Usiifungue mwenyewe.

Najua kuna watakaosema nunua betri ndogo ya ruta, yaishe. Inasaidia kweli, hasa umeme ukikatika mtaa mzima. Hata mimi niliinunua, intaneti ikatulia, nikashangilia. Wiki chache baadaye soketi ikaanza kunuka. Betri ilikuwa imenificha ugonjwa tu. Waya uliolegea unapata joto, na joto likizidi ni moto. Na stoo yangu ni chumba hicho hicho, madumu ya mafuta yamepangwa pembeni ya ukuta ule ule.

Nikamwita fundi. Akafungua, waya umeungua na skrubu imelegea. Akabadilisha soketi na kipande cha waya, akanivutia soketi ya pili kwa ajili ya friji. Gharama haikufika nusu ya bei ya ile ruta niliyonunua bure. Mwenye nyumba nilimwonyesha soketi iliyoungua, tukakubaliana tukatane kwenye kodi. Kumbuka, shirika la umeme linaishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni za mwenye nyumba, kwa hiyo ongea naye mapema, na tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kijana yeyote mwenye testa.

Msimamo wangu ni huu: sisi wa mtandaoni wengi hatulipi fremu, nyumba ndiyo duka letu. Mwenye fremu akiona paa linavuja juu ya mzigo, haongezi mzigo, anaziba paa. Na wewe usiongeze bando juu ya waya mbovu. Jioni hii friji ikiwaka, itupie jicho ruta yako.

Biashara njema.