SIMU YA ABIRIA HAIUI, YA DEREVA NDIYO INAYOUA

Na Mwandishi Wetu, Ilula

KUNA ubishi mmoja unaowapendeza sana waheshimiwa wanaopaa angani: je, abiria wa ndege aruhusiwe kupiga simu wakati ndege iko juu? Wanabishana kwa adabu, wameegemea viti laini. Mmoja anataka kuzungumza na ofisi yake, mwingine anataka kulala. Sisi wa Ilula ndege tunaiona ikipita juu ya mashamba ya nyanya, basi. Lakini ubishi huo unatuhusu kuliko wao, kwa sababu siku hizi wamezuka wajuaji wanaotaka amri ya ndege iteremshwe mpaka kwenye mabasi. Eti abiria wa basi naye azime simu hadi afike, kwa ajili ya usalama na utulivu. Nimemsikia mmoja akilihubiri hilo stendi ya Igumbilo mbele ya vijana wazima, na vijana wakatikisa vichwa wakikubali!

Hivi, jamani, mnajua mnachokikubali?

Tuanzie huko huko angani. Marekani ilipiga marufuku simu za mkononi ndani ya ndege zinazoruka mwaka 1991. Aliyetoa amri ile hakuwa fundi wa ndege. Ilikuwa tume yao ya mawasiliano, FCC, na hofu yake kubwa ilikuwa minara ya chini: simu iliyoko juu huonwa na minara mingi kwa mpigo mmoja, ikavuruga mitandao ya watu walioko ardhini. Wakubwa wa usafiri wa anga nao walikuwa na wasiwasi wao juu ya vyombo vya rubani, na wasiwasi huo si wa kupuuzwa. Lakini dawa ilipatikana. Tarehe 20 Machi 2008, ndege ya Emirates iliyokuwa ikitoka Dubai kwenda Casablanca iliruhusu abiria wake wapige simu wakiwa juu. Ndani ya ndege kilifungwa kituo kidogo cha mtandao kinachozipokea simu kwa nguvu ndogo na kuzirusha kwa setilaiti. Ndege ikatua salama, watu wakaenda kwao. Mwaka huohuo Ulaya nayo ikafungua mlango. Marekani ilipojaribu kulegeza mwaka 2013, kelele nyingi zilizopigwa zilihusu jirani atakayepayuka kiti cha pembeni. Mwaka 2020 tume ile ikalitupa pendekezo lenyewe kapuni.

Kwa hiyo huko juu ugomvi mkubwa uliobaki ni wa usingizi. Wenye ndege wamalizane wenyewe. Mtu anayetoka Songwe kwenda Dar es Salaam anakaa angani saa moja na nusu hivi. Akinyamaza muda huo hafi.

Ila kuna mikasa miwili ya angani ambayo wahubiri wa kuzima simu hawaitaji. Wa kwanza ni wa New Zealand. Tarehe 6 Juni 2003 ndege ndogo ilianguka karibu na uwanja wa Christchurch ikitaka kutua, wakafa watu wanane. Wachunguzi walipopekua wakakuta kulikuwa na simu ya mkononi iliyokuwa hewani katika dakika zile za mwisho, wakasema huenda iliipotosha mitambo ya kuongozea ndege. Simu hiyo ilikuwa ya nani? Ya rubani! Alikuwa amepiga nyumbani kwake.

Mkasa wa pili mnaujua, ila mmeusahau upande huu. Tarehe 11 Septemba 2001 ndege nne zilitekwa Marekani. Abiria wa ile ya nne, United 93, walipiga simu kwa ndugu zao, nyingi kwa simu zilizokuwa zimefungwa kwenye viti, wakaambiwa ndege nyingine zimekwisha kugongeshwa kwenye majengo. Ndipo wakajua kinachowasubiri, wakainuka kupigana na watekaji. Ndege ikaanguka porini Pennsylvania, haikufika ilikokuwa inapelekwa. Bila simu wale wangekaa kimya wamefunga mikanda, watii wa amri, mpaka mwisho.

Sasa shukeni nami mpaka barabara ya TANZAM. Huku hakuna mnara wa kumwongoza dereva, hakuna rubani msaidizi. Kuna suka, konda, na roho za watu hamsini na zaidi. Barabara hii inajua kuua. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori, kontena likaliangukia, wakafa watu zaidi ya 40. Sisemi simu ndiyo iliyosababisha. Nasema hii si barabara ya kuichezea hata sekunde moja.

Chukua kalamu upige hesabu. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde tatu kuona nani anapiga, basi limekwenda mita 66 halina macho. Huo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, na hapo bado hajasema "haloo". Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali mara nne hivi ya yule asiyetumia. Nendeni mkalisome hilo Kitonga, kwenye zile kona, halafu mniambie simu ya kuzimwa ni ya nani.

Mwaka juzi nilipanda basi la usiku kutoka Dar es Salaam. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, baada ya marufuku iliyokuwapo tangu miaka ya 1990, na mimi sina ugomvi na ruhusa hiyo. Ugomvi wangu ni na suka aliyekuwa ameibana simu kati ya bega na sikio, akiulizana na wenzake trafiki wamesimama wapi na tochi iko wapi. Akiambiwa njia nyeupe, anakanyaga mafuta. Akiambiwa wapo, anakuwa mtakatifu kilomita mbili, halafu tunarudi kulekule. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, tupunguzie mwendo, tuna watoto humu." Konda akamjibu, "Mzee, kama unaogopa, shuka ukanunue gari lako." Watu wakacheka! Walicheka kwa woga, lakini walicheka.

Mama mmoja kiti cha nyuma yangu hakucheka. Alitoa simu yake taratibu akaipigia polisi namba iliyobandikwa juu ya dirisha. Mbele kidogo tukasimamishwa. Konda akashuka, mkono umekunjwa, akarudi mkono umekunjuka. Suka akageuka kutazama nyuma akauliza kwa sauti ya kutosha, "Nani humu kanichoma? Na namba yake ninayo." Nani alimpa hiyo namba saa sita usiku? Yule mama alikaa kimya mpaka anashuka, amejifunika khanga usoni.

Hayo ndiyo mambo ya kutungiwa amri. Polisi wenyewe ndio waliokuja na kampeni ya "Abiria Paza Sauti". Sasa abiria akipaza, sauti yake inauzwa kwa suka? Na ukimnyang'anya abiria simu kama wanavyotaka wajuaji wa Igumbilo, atapaza kwa mdomo upi? LATRA wamefunga vidude vya kufuatilia mwendo wa mabasi, na hilo ni jambo jema. Lakini kidude kinamwambia aliyeko ofisini basi linakwenda kasi gani. Hakimwambii kwamba dereva anasinzia, kwamba kakabidhi usukani kwa utingo, au kwamba anaendesha kwa mkono mmoja huku anagombana na mchumba wake kwenye simu. Anayeyaona hayo ni abiria.

Halafu kuna tumbo. Hapa Ilula kijana analala na matenga ya nyanya kando ya barabara. Tajiri wake yuko ndani ya basi anarudi kutoka soko la Ilala, na bei anaitoa kwa simu: pakia, au subiri. Nyanya haisubiri mtu afike Mbeya ndipo awashe simu. Dereva wa lori naye hasubiri. Ukimzima tajiri saa kumi ndani ya basi, mzigo unaoza mikononi mwa mbeba tenga ambaye hata nauli ya basi hana. Serikali ya CCM inajua vizuri thamani ya simu ya kabwela linapokuja suala la kumkamua. Julai 2021 ilimwekea tozo kila akituma au kutoa pesa, mpaka nchi nzima ikapiga kelele wakaanza kurudi nyuma. Simu hiyohiyo ikitaka kumwokoa mwenyewe, inageuka kero.

Kelele ndani ya basi zipo, sikatai. Kuna watu wanazungumza na mkoa mzima, na kuna wale wa kuangalia video kwa spika saa nane za usiku, hao wapewe visikilizio au wateremshwe. Lakini mbona televisheni ya basi inayopiga mayowe kutoka Mbezi mpaka Makambako hakuna mjuaji aliyetaka izimwe?

Kinachotakiwa si kigumu. Basi likitoka stendi ya Magufuli, simu ya suka iingie mfukoni mwa konda, na itoke huko basi likiwa limesimama. Tajiri mwenye basi akiwa na neno, ampigie konda. Abiria akimkuta dereva na simu sikioni, apige, na namba yake isitoke kwa aliyeipokea. Ikitoka, aliyeitoa avuliwe magwanda. Na amri hiyo ianze na madereva wa mashangingi ya serikali, wanaotupitia hapa Ilula wakati watoto wanatoka shule, taa zinawaka mchana kweupe, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine sikioni.