Binafsi Getini, ya Taifa Kwenye Madeni

Klabu ya gofu ikiishiwa fedha, sitaki kuambiwa kwamba ni msiba wa taifa. Hoja hiyo nimeisikia muhula huu darasani, kutoka kwa wenzangu wa shahada ya uzamili ambao hata fimbo ya gofu hawajawahi kuishika: viwanja hivi ni urithi, ni mapafu ya mji, vinaleta wageni, kwa hiyo serikali ivipunguzie kodi ya ardhi wakati wa hali ngumu. Ajabu ni kwamba siku fedha zipo, maneno yanayosomeka getini ni "wanachama tu".

Mimi ni mtu wa Lusu, wilayani Nzega. Kwetu tunajua kidogo kuhusu mambo yanayokwisha. Mgodi wa Golden Pride, wa kampuni ya Resolute kutoka Australia, ulianza kuzalisha hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu Tanzania. Baada ya takribani miaka 15 ukafungwa. Hesabu yake inaeleweka, madini yakiisha kazi imeisha. Lakini mgodi unapofungwa, popote pale, sijasikia mtu akimwita mama lishe wa getini urithi wa taifa na kuomba apunguziwe ushuru.

Basi tuitazame hesabu ya klabu nayo. Uwanja wa mashimo 18 unakula ekari 120 hadi 150 hivi. Nyasi hazijui kama wanachama ni 600 au 200. Zinaota vilevile, zinataka maji, mbolea, dizeli ya mashine za kukatia na watu wa kuziendesha. Wanachama wakipungua, gharama hizo zinabaki palepale. Kamati inapandisha ada kwa waliobaki, baadhi ya waliobaki wanaondoka, ada inapanda tena. Ukumbi wa harusi na baa vinasukuma siku mbili tatu. Huo si msiba, ni biashara yenye gharama kubwa zisizoshuka na wateja wachache, nasi tungeisema hivyo bila haya kama ingekuwa duka la vipuri.

Mumias, magharibi mwa Kenya, inafundisha zaidi. Kuna klabu ya gofu iliyokulia kwenye kivuli cha kiwanda cha sukari. Kiwanda kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kikawa kikubwa kuliko vyote Kenya, kisha madeni yakakimaliza hadi benki ya KCB ikamweka msimamizi wake mwaka 2019. Mwenye kivuli akianguka, aliyekaa chini yake anapigwa na jua. Nakubali kuna kitu cha thamani pale: Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana zaidi Kenya, ni mtu wa Mumias. Si jambo dogo. Lakini wakulima waliopeleka miwa walisubiri malipo yao miaka kwa miaka, na foleni ya kuhurumiwa ina mwanzo na mwisho. Mkulima yuko mbele.

Kisha kuna ardhi, na hapa ndipo wenzangu wananichosha. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hati ina muda, isiyozidi miaka 99. Klabu inakaa juu ya ardhi yako, msomaji, hata kama mlinzi hakujui. Ukiipunguzia kodi, wewe umeshachangia ada ya mwanachama. Sasa kwa nini usiingie?

Sitetei wauza viwanja. Najua uwanja ukishindwa kabisa, anayekuja na ramani ni mwenye maghorofa, na miti inaondoka wiki hiyohiyo. Ndiyo maana nasema fedha ya umma iende, lakini iende na masharti: watu watembee humo asubuhi, watoto wa shule wafundishwe, hesabu zibandikwe ukutani.

Na wabeba mifuko waandikwe. Machi 2020, Uviko-19 ilipoingia Kenya na viwanja vya gofu kufungwa, aliyelipwa kwa mzunguko alibaki bila mzunguko. Mbeba mfuko hulipwa na mchezaji, si na klabu, kwa hiyo kwenye vitabu vya klabu hayupo, na ombi la msamaha linapoandikwa yeye ndiye anayetajwa kwanza: ajira zitapotea! Ajira ipi, isiyo na mkataba wala mchango wa hifadhi ya jamii?

Huku kwetu, kwenye njia ya zamani ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kazi ya kubeba mzigo wa mtu mwingine tuliijua mapema. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walipatana ujira kabla ya safari, walidai posho yao, na msafara ukiwapunja waliweza kutua mizigo njiani na kugoma. Tajiri alijua hivyo, akawahesabu mmoja mmoja kabla ya kuondoka. Klabu inayoomba kupunguziwa kodi mwaka huu ianze na orodha kama hiyo: majina, malipo, miaka ya kazi. Ikiletwa, nitakuwa wa kwanza kuisoma.