Kiingereza cha polepole kimezimwa, sisi tumekaa kimya

Kuna jambo limepita hivi hivi kama vile halituhusu.

Machi 2025 serikali ya Trump iliwasimamisha kazi karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika (VOA). Wengi hapa walisikitikia matangazo ya Kiswahili, sawa. Mimi kilichoniuma zaidi ni kitengo chao cha kufundisha Kiingereza. Kilianza Oktoba 1959 kwa jina la Special English: maneno 1,500 hivi tu, sentensi fupi, na msomaji anasoma polepole. Baadaye kikaingia mtandaoni, sauti pamoja na maandishi yake, bure.

Jamani, nani alikihitaji kuliko sisi? Mtoto wa shule ya serikali anasoma kwa Kiswahili mpaka la saba, akiingia fomu wani ghafla baiolojia, jiografia, vyote Kiingereza. Nimepita njia hiyo. Nilikuwa naenda kafe moja hapa Mwanza, shilingi 500 nusu saa, napakua habari tatu nne kwenye flashi (na virusi vyake bila shaka), nachapisha maandishi kurasa mbili, basi. Nyumbani naweka kwenye redio ya kaka, nasikiliza huku nafuata kwa kidole. Mwanzoni nilikuwa naokota neno moja moja. Ilichukua miezi kabla sijaanza kumwelewa mwalimu wa baiolojia, ambaye naye, tuseme ukweli, Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga.

Ila tusidanganyane, ile haikuwa sadaka. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi, Marekani ilitaka dunia isikie upande wake. Maslahi yakibadilika, mwenye swichi anazima. BBC nao wanafundisha Kiingereza tangu 1943, na ni wazuri sana, lakini Idhaa yao ya Dunia inakula pia fedha za serikali ya Uingereza. Tutajuaje kesho?

Najua mtasema siku hizi kuna ChatGPT. Kweli, inasahihisha insha na kukueleza kosa kwa Kiswahili. Lakini inataka bando kila siku, na asiyejua lugha hawezi kugundua ikimdanganya. Faili la sauti ukishalipakua ni lako, hata kijijini.

Sasa swali langu. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao ya vitabu. TBC wana redio nchi nzima. Kinashindikana nini kupata msomaji asiye na haraka, habari za hapa hapa, bei ya pamba, mvua, Simba na Yanga, kwa Kiingereza chepesi na maelezo ya Kiswahili? Wanaotunga sera watoto wao wako ingilishi midiamu, labda ndiyo maana hawasikii.

Kwa sasa, mwenye yale masomo 52 ya Let's Learn English asiyafute. Yangu yalikufa na flashi. Nani anayo?