Hoteli, Mkahawa na Wino Mwekundu

Nilipokuwa katika shule ya upili niliwahi kuandika katika insha kwamba tuliingia hotelini tukala ugali kwa mrenda. Msahihishaji alilizungushia neno hilo wino mwekundu, akaandika juu yake: mkahawani. Alama ikakatwa. Miaka imepita, nami bado sijaikubali hukumu ile.

Ndugu wasomaji, neno mkahawa lina asili ya Kiarabu, na limefungamana na kahawa: ni mahali pa kuinywea. Anayetaka kuona kahawa ikitawala maongezi na aende Lamu, mji mkongwe uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Huko wazee huketi barazani jioni, muuzaji akawamiminia kahawa tungu yenye tangawizi kutoka katika dele la shaba lililowekwa juu ya makaa. Vikombe vyenyewe ni vidogo kiasi cha kufumbatika kiganjani. Asubuhi kuna mahamri kwa mbaazi za nazi; mchana kuna samaki wa kupaka na maji ya ukwaju.

Hapa Lurambi je? Ingia katika kibanda chochote kando ya barabara iendayo Webuye. Utaandaliwa ugali kwa kuku, au omena, au mboga za kienyeji. Wanafunzi, ambao mifuko yao haina siri, huagiza chapati kwa madondo. Kinywaji ni chai ya maziwa. Kahawa ni nadra. Ikiwa hoteli ni kosa kwa sababu hapana vitanda, basi mkahawa nao ni kosa kwa sababu hapana kahawa. Wazungumzaji walioipanua maana ya neno la kwanza ndio hao hao walioipanua ya pili. Hata Mombasa mtu huingia hotelini akala, akatoka. Akitaka kulala hutafuta lojingi au gesti. Kusini mwa India nako neno hilo hutumika kwa mahali pa kula, na hakuna anayelia.

Kosa halisi, kwa maoni yangu, liko kwingine. Insha za wanafunzi wa huku zimejaa mahamri ambayo waandishi wake hawajapata kuyaonja. Wanachokula ni mandazi, yasiyo na tui la nazi wala iliki, lakini wamefunzwa kwamba jina la pwani ndilo sanifu. Mwanafunzi huyo hakatwi alama ilhali amekitaja chakula kisichokuwapo mezani. Aliyesema kweli kuhusu hoteli ndiye aliyeadhibiwa.

Wengi wetu tutakuwa walimu na wasahihishaji. Kabla ya kulizungushia neno wino, tuulize kwanza linatumiwa na nani, na wapi. Mwalimu anayeona vingine na ajibu katika toleo lijalo; nitamsoma kwa makini, pengine nikiwa hotelini.